Heshima kwa mchungaji haifuti maswali ya washirika

Mhariri,

Nipe nafasi niseme juu ya mstari mmoja wa Biblia ambao hapa Mombasa umegeuzwa kuwa wa kutishia watu. Mshirika akiuliza pesa za kununulia kiwanja zimefikia wapi, anajibiwa, "Msiwaguse masihi wangu," yaani wapakwa mafuta wa Mungu, kana kwamba mchungaji ni mmoja wao. Mazungumzo yanaishia hapo, na pengine muulizaji anaondolewa kwenye kwaya.

Maneno hayo ni ya Zaburi 105:15, na yamo pia katika 1 Mambo ya Nyakati 16:22. Anza kusoma aya ya 12 uone yanamhusu nani. Ni Ibrahimu, Isaka na Yakobo, walipokuwa wachache na wageni katika nchi ya Kanaani. Walioonywa ni wafalme. Farao alimchukua Sara, mke wa Ibrahimu, katika Mwanzo 12, na Abimeleki wa Gerari akafanya vivyo hivyo katika sura ya 20. Onyo basi lilimwendea mwenye nguvu asimdhulumu mgeni asiye na mtetezi. Leo anayelinukuu ni mwenye kipaza sauti, na anayenyamazishwa nalo ni mama muuza mboga wa soko la Kongowea.

Tena katika sura hiyo hiyo ya 20, Mungu anamwita Ibrahimu nabii (aya ya 7), na aya mbili baadaye Abimeleki anamwita na kumuuliza, "Umetutenda nini?" Ibrahimu hakuleta habari za upako. Alijieleza.

Wengine hukimbilia kwa Daudi, aliyekataa kumdhuru Mfalme Sauli kwa kuwa ni masihi wa Bwana. Vyema, tumsome Daudi mpaka mwisho. Katika pango la Engedi (1 Samweli 24) alikata upindo wa vazi la mfalme, moyo ukamchoma, akawazuia watu wake wasimdhuru. Lakini alitoka pangoni, akainama kifudifudi, kisha akamweleza Sauli kosa lake kwa sauti, ilhali Sauli alikuwa amekuja na watu 3,000. Alizuia mkono, hakuzuia ulimi. Na kabla ya hapo, Sauli alipomtupia mkuki (1 Samweli 19:10), alikimbia. Kumheshimu kiongozi hakukumlazimu kukaa mahali anapotupiwa mikuki, na mshirika anayehama kanisa lenye dhuluma asiitwe mwasi. Sisi wa Pwani hatuna udhuru wa kulisahau hili. Tangu Aprili 2023 miili zaidi ya 400 imefukuliwa katika msitu wa Shakahola, ya waumini walioambiwa na mhubiri wao wafunge hadi kufa, na kesi za vifo hivyo zimesikilizwa hapa hapa Mombasa.

Sasa nigeukie upande wa pili, maana nao una makosa yake. Kuna washirika ambao kuuliza kwao ni kurusha sauti usiku katika kundi la WhatsApp, bila jina la shahidi hata mmoja. Huko si kuuliza. Paulo anamwambia Timotheo asikubali mashitaka juu ya mzee ila kwa vinywa vya mashahidi wawili au watatu (1 Timotheo 5:19). Mathayo 18:15-17 inatoa mpangilio: nenda peke yako, asiposikia, rudi na mmoja au wawili, asiposikia hao, liambie kanisa. Wengi huruka hatua mbili za kwanza na kuanzia ya tatu. Lakini 1 Timotheo 5 ina aya ya 20 pia, ambayo wachungaji huiruka: wadumuo kutenda dhambi wakemewe mbele ya wote. Na kama jambo ni la jinai, hasa lililomgusa mtoto, lipelekwe polisi siku hiyo hiyo. Baraza la wazee si mahakama.

Kwenye fedha ndiko mambo huharibika mara nyingi. Paulo, alipokuwa akipeleka changizo kwa watakatifu, hakutaka kubeba peke yake: alituma Tito na ndugu wengine wawili, mmoja wao akiwa amechaguliwa na makanisa, ili asije mtu akawalaumu (2 Wakorintho 8:16-22). Kwa lugha ya leo: sadaka ihesabiwe papo hapo baada ya ibada na watu watatu wasio wa nyumba moja, waandike kiasi daftarini na kutia sahihi, ipelekwe benki Jumatatu nzima kama ilivyo. Matumizi yatolewe benki, yasitolewe kikapuni, kwa sababu kilichotumika kabla ya kuandikwa hakitaonekana tena. Nambari ya paybill, ya kutolea sadaka kwa simu, iwe ya kanisa, isiwe simu ya mchungaji. Watia sahihi wawe watatu, na kila fedha itokayo ihitaji wawili. Ikiwa watatu hao ni baba, mama na mwana wao, sahihi ni moja tu.

Makanisa mengi yamesajiliwa chini ya Sheria ya Vyama ya Kenya, Sura ya 108, inayotaka mkutano mkuu angalau mara moja kwa mwaka na hesabu kamili ya fedha zilizoingia na kutoka. Anayedai hesabu hizo hafanyi uasi. Samweli mwenyewe alisimama mbele ya Israeli yote akawataka washuhudie: ametwaa ng'ombe wa nani, amemdhulumu nani (1 Samweli 12:3)?

Na heshima maradufu wanayostahili wazee wa kanisa katika 1 Timotheo 5:17 inaendelea hadi aya ya 18, mtendakazi na ujira wake. Kumvika mchungaji kilemba cha ukoka Jumapili ya shukrani, keki na suti juu, huku hana mshahara wa kueleweka, si heshima. Kanisa limpangie kiwango, limlipe kila mwezi, limkatie NSSF ya uzeeni na ile asilimia 2.75 ya bima ya afya ya jamii iliyoanza Oktoba 2024, na limpe siku moja ya kupumzika kila wiki. Mchungaji anayetegemea kikapu atashindwa kumkemea tajiri wa benchi la mbele, na mhazini atakosa ujasiri wa kumuuliza mchungaji huyo kwa nini alichukua elfu mbili kabla ya hesabu, maana anajua watoto wa mchungaji wamefukuzwa shule kwa karo.

Mwalimu wa darasa la ubatizo,
Changamwe, Mombasa