Kidude cha kuongeza nguvu ya gari kinawasha taa tu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nizungumzie vile vidude vya kuchomeka chini ya usukani, vinavyotangazwa mitandaoni kwamba vinaongeza nguvu ya injini hadi asilimia 35 na kupunguza ulaji wa mafuta kwa asilimia 15. Bei yake ni ya lita chache tu za petroli, ndiyo maana watu husema, "Acha nijaribu, nitapoteza nini?" Cha kupoteza kipo.

Tuanze na soketi yenyewe. Soketi ya OBD2, ile ambayo fundi huchomeka mashine ya kupimia, ina nafasi za pini 16. Pini ya 16 ina umeme wa betri muda wote, ya 4 na ya 5 ni ethi, ya 6 na ya 14 ndiyo njia ya mawasiliano katika magari ya karibuni. Toyota nyingi za mwanzoni mwa miaka ya 2000 hutumia pini ya 7. Ukikifungua kidude, kwa kawaida utakuta kibao chenye prosesa ndogo, taa mbili tatu na kitufe. Kinachokosekana ni transiva, chipu inayounganisha prosesa na waya za mawasiliano za gari. Bila hiyo kidude hakisikii wala hakisemi. Kinanyonya umeme na kuwasha taa, basi.

Hata kingekuwa na transiva, soketi hiyo iliwekwa kwa ajili ya kusoma sensa na kufuta kodi (namba) za hitilafu. Kubadili ramani ya mafuta, yaani jedwali la kiasi cha mafuta ya kumwaga, ndani ya kontroli boksi (kompyuta ya injini) kunahitaji funguo za siri za mtengenezaji na faili la boksi lile lile, na kazi hiyo haifanyiki gari likiwa linatembea. Maelekezo ya vidude hivi husema ubonyeze kitufe sekunde tano, kisha uendeshe kilomita 150 hadi 200 ili "kijifunze". Kinajifunza nini, na kwa nani? Anayebadilika katika kilomita hizo ni dereva, maana aliyenunua kitu cha kuokoa mafuta hukanyaga eksileta kwa adabu.

Halafu kuna ahadi yenyewe, nguvu zaidi na mafuta kidogo kwa pamoja. Petroli huungua sawasawa kwa uzito wa hewa 14.7 kwa mafuta 1. Ukitaka nguvu ya juu kabisa unasogea kwenye 12.5 au 13, yaani unamwaga mafuta zaidi. Injini isiyo na turbo, kama injini ya 1NZ ya Toyota IST na Probox, ina kikomo cha hewa inayoweza kuvuta, na hakuna kibao cha umeme kitakachoiongezea mapafu.

Aina ya pili ya kidude ni ya rizista, kipande kinachozuia umeme, na hiyo ndiyo yenye madhara. Huunganishwa kwenye waya za sensa ya joto la hewa inayoingia. Kwenye Toyota nyingi ukinzani wa sensa hiyo kwa umeme ni kiloomu 2.21 hadi 2.69 hewa ikiwa nyuzi 20, na ukinzani hupanda kadiri baridi inavyozidi. Ukiweka rizista ya karibu kiloomu 6, kontroli boksi litaamini hewa ya Dar es Salaam ni nyuzi sifuri. Katika injini zinazokadiria hewa kwa shinikizo la manifoldi (bomba la kugawia hewa kwenye silinda), tofauti ya nyuzi 0 na 30 ni hewa nzito zaidi kwa asilimia 11, kwa hiyo nozeli zinamwaga mafuta zaidi kwa kiasi hicho. Sensa ya oksijeni kwenye ekzosi hugundua na kuyapunguza, ukabaki pale pale. Ikichoka, au ukikanyaga mpaka chini, hakuna wa kusahihisha. Plagi zinakuwa nyeusi, masega ya katalaiza, kisafisha moshi cha ekzosi, yanaungua, na taa ya injini inawaka na kodi P0172, ya mafuta kuzidi. Kwenye injini zenye sensa ya kupima hewa moja kwa moja, uongo huo huvuruga zaidi taiming, yaani wakati wa plagi kuwasha, injini ikagonga.

Nisiwafunge wote kamba moja. Kwenye dizeli za turbo lipo boksi la kweli, linalodanganya sensa ya shinikizo la reli, bomba linalolisha nozeli, ili pampu ikaze zaidi. Nguvu inaongezeka kweli, kwa kuwa turbo ina hewa ya ziada. Lakini malipo huja kwenye nozeli, pistoni na klachi, na mwenye Hilux au Prado yenye injini ya dizeli ya 1KD anajua nozeli za injini hiyo zinavyosumbua hata bila kuchokozwa.

Anayetaka kupima apime kwa haki. Matairi yawe na upepo uleule, sheli ileile, pampu ileile, jaza hadi mlio wa kwanza wa kukata kisha usiongeze tone. Tembea walau kilomita 400, jaza tena, gawanya kilomita kwa lita. Fanya bila kidude, kisha nacho, kisha bila tena, na mtu mwingine akichomeke au akiache bila wewe kujua. Gari likitumia lita 30, tofauti ya lita moja na nusu katika kujaza ni asilimia 5, hivyo tangi moja halithibitishi chochote. Shirika la mazingira la Marekani, EPA, limechunguza zaidi ya vifaa 100 vya namna hii bila kupata hata kimoja kinachopunguza mafuta kwa kiwango cha maana.

Kinachokula mafuta ya magari yetu mara nyingi ni mkono wa fundi. Gari likichemka, themostati, valvu inayozuia maji yasiende kwenye rejeta hadi injini ipate joto, inang'olewa na kutupwa. Injini hiyo ikiwa barabara kuu haifiki joto lake; kontroli boksi linadhani bado ni asubuhi, linaendelea kuongeza mafuta, na giaboksi ya otomatiki inachelewa kuingia gia ya juu. Kujua ni rahisi. Washa injini ya baridi, shika hosi ya rejeta iliyounganishwa kwenye themostati. Ikianza kupata joto mapema pamoja na injini, themostati haipo au imekwama wazi. Inatakiwa ibaki ya baridi dakika kadhaa, kisha ipate moto ghafla. Ya 1NZ hufunguka kati ya nyuzi 80 na 84, na unaweza kuijaribu kwenye sufuria ya maji yenye kipimajoto kabla ya kuifunga. Ila usiirudishe bila kutafuta kilichochemsha gari, iwe rejeta iliyoziba, feni, pampu ya maji, au maji ya bomba yaliyojazwa miaka mingi badala ya kulanti, maji maalumu ya kupoza injini. Oili nzito ya 20W-50 kwenye injini iliyoandikiwa nyepesi ya 5W-30 nayo ni mzigo, sawa na breki zinazoshika na filta ya hewa iliyojaa vumbi.

Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji. Tume ya Ushindani, FCC, ingeanza kwa kuwadai wauzaji wa asilimia 35 karatasi ya vipimo: gari gani, lita ngapi, kilomita ngapi. Nawe Mhariri, tangazo la namna hiyo likiletwa mezani kwako, iombe karatasi hiyo kabla ya kupokea malipo.

Fundi umeme wa magari,
Ilala, Dar es Salaam