Waandishi wa riwaya za kisayansi wapewe warsha

Mhariri,

Vijana wanaoandika riwaya za kisayansi kwa Kiswahili huambiwa mara nyingi kwamba kipaji kikiwepo, mchapishaji atapatikana. Maisha ya Octavia Butler, mwandishi wa riwaya za kisayansi, Mmarekani mweusi aliyezaliwa Pasadena, California, mwaka 1947, na kulelewa na mama aliyefanya kazi za ndani, yanaonyesha kwamba jambo hili si jepesi kiasi hicho.

Mwaka 1970 alihudhuria warsha ya Clarion, ambako waandishi chipukizi hukaa wiki 6 wakisomeana na kukosoana chini ya waandishi waliobobea, na huko akauza hadithi zake fupi za kwanza. Kisha ikapita takriban miaka mitano asiuze chochote. Aliamka usiku wa manane kuandika, na mchana akaosha vyombo, akauza bidhaa kwa simu, hata akakagua viazi vya kukaanga kiwandani, hadi kampuni ya Doubleday ilipochapisha riwaya yake ya kwanza, Patternmaster, mwaka 1976.

Linalonigusa zaidi ni ile warsha, maana bidii vijana wetu wanayo tele. Tunayo Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, ambayo naiheshimu sana, lakini tuzo humfikia aliyekwisha kumaliza mswada. Naziomba idara za Kiswahili vyuoni, pamoja na gazeti lako kwa kutenga safu ya hadithi fupi za kisayansi, ziwahudumie wale ambao bado wanahangaika na sura ya pili.

Msomaji wako,
Dar es Salaam