Mawe ya Wadi Jizzi yaachwe yalipo

Ndugu Mhariri,

Naishi Sohar, na mara nyingi Ijumaa huwapeleka wanangu Wadi Jizzi, njia ya Buraimi, kutazama mawe meusi yaliyopandana mfano wa mito. Mito ya kulalia, nakusudia. Juma lililopita tuliwakuta watu wakiyapiga nyundo, kila mmoja aondoke na kipande. Nilipowaomba waache, kijana mmoja akanijibu, "Ami, mawe ni mawe, na milima imejaa." Neno lile limenikaa moyoni.

Mawe yale ni lava, yaani mwamba ulioyeyuka kwa moto wa chini ya ardhi. Ikitoka chini ya maji, ngozi yake huganda papo hapo huku ndani bado ni moto. Hutuna, hupasuka, ikachomoza donge jingine juu ya la kwanza. Basi anayesimama pale bondeni yuko juu ya sakafu ya bahari. Wala si bahari hii tunayovua jodari. Ni Tethisi, bahari ya kale iliyotenganisha Bara Arabu na Asia. Sakafu yake karibu yote imezama tumboni mwa dunia. Kipande kilichopanda nchi kavu ndicho ukanda huu wa milima yetu, wa takriban kilomita 500. Hata shaba iliyochimbwa nyuma ya Sohar na kupelekwa Mesopotamia zaidi ya miaka 4,000 iliyopita ilitokana na chemchemi za moto za sakafu hiyohiyo.

Umri wa sakafu hiyo, kama miaka milioni 96, umepatikana kwenye chembe za zirkoni, madini magumu yanayotunza umri, katika miamba iliyopoa chini ya lava hizo. Kiasi cha titani, aina ya metali, ndani ya lava nacho husaidia kujua kama ilitoka pale bahari inapopanuka au karibu na pale sakafu inapoanza kuzama. Hayo jiwe huweza kuyasema hata likiwa kabatini.

Liko moja haliwezi. Lava inapopoa, madini yake ya chuma hushika mwelekeo wa sumaku ya dunia ya wakati ule. Ulalo wa sumaku hiyo hueleza jiwe lilizaliwa umbali gani na ikweta, na upande inaoelekea hueleza kama ardhi iligeuka baadaye. Ndivyo wanajiolojia walivyojua kwamba kipande hiki kilizunguka sana kabla ya kutua hapa. Kwa hiyo mtaalamu, kabla hajang'oa sampuli, huitia alama ya kaskazini na kupima imelala vipi. Mwenye nyundo hana habari hiyo.

Naomba wahusika waweke kibao pale, kwa Kiarabu na kwa Kiswahili pia, maana tuliokuwa tukibishana siku ile sote tulikuwa Waswahili.

Njiani binti yangu aliniuliza kama vile vipande vinaweza kurudishwa. Nikamwambia vinaweza, ila hapana atakayejua vilikuwa vimeelekea wapi.

Msomaji wenu,
Sohar, Omani