Kimya cha watoto si sifa ya kituo

Ndugu Mhariri,

Nimesoma barua ya mzazi mmoja katika gazeti lako akisifia kituo anachompeleka mwanawe kwa kuwa "hata uingie saa ngapi, husikii mtoto akilia." Mimi ni mlezi katika kituo cha kulelea watoto mchana huku Mbagala, mwaka wa 9 sasa, na maneno hayo yameninyima raha. Chumba cha watoto wachanga kikiwa kimya na hawajalala, mimi huenda kuangalia kuna nini.

Mwaka jana tulipokea mvulana wa miezi 10. Mama yake anauza samaki katika soko la Feri, humleta saa 11 alfajiri kamfunga mgongoni kwa khanga. Siku ya kwanza nilimweka mkekani, akakaa palepale. Mama akaondoka, mtoto hakugeuka. Saa 9 mama akarudi, hakugeuka. Ukimpa uji anakunywa, usipompa hadai. Wenzangu wakambandika jina, Mzee wa Busara. Mama naye akaniambia kwa furaha, "Dada, huyu hana usumbufu, kule alikotoka alishazoea." Kule alikotoka walikuwa watoto zaidi ya 30 kwa wasichana wawili, tena wasichana wenyewe wakibadilika kila mara.

Kimya cha namna hii kilishaonekana Romania. Utawala wa dikteta wa nchi hiyo, Ceaușescu, ulipoanguka Desemba 1989, wageni walioingia katika makao ya watoto ya serikali walikuta vyumba vimejaa vitanda vya wachanga, na hakuna anayelia. Kilio kilikuwa hakiwaletei mtu, wakakiacha. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 watafiti wa Marekani, Charles Nelson, Nathan Fox na Charles Zeanah, waliwafuatilia watoto 136 wa makao ya Bucharest, wenye umri wa miezi 6 hadi 31. Kwa kura, nusu yao walipelekwa kulelewa katika familia. Walipopima umeme wa ubongo, wale wa makao walikuwa kama balbu wakati umeme umeshuka. Waliohamia kwenye familia kabla ya kutimiza miaka 2 walirejea vizuri kuliko waliochelewa. Chakula kilikuwepo, vitanda vilikuwepo. Aliyekosekana ni mtu wa kumwitikia mtoto.

Maana ubongo wa mtoto hujengwa kwa kuitikiwa. Akisema "agu" nawe ukamjibu "agu", akacheka, ukacheka, njia zinazotumika hapo huimarika. Zisizotumika hupogolewa kama matawi ya mwembe. Hata kujituliza akiwa na hofu au hasira hujifunza kwa kutulizwa kwanza na mtu mwingine, mara nyingi, mpaka mwili wake ushike. Ndiyo sababu ule usemi wa "usimzoeshe mikono" hunikera, hata akiusema mama mkwe wangu.

Jambo hili lilitazamwa hapa jirani pia. Mwaka 1954 na 1955 mwanasaikolojia Mary Ainsworth alizitembelea familia 26 za Waganda karibu na Kampala, akikaa nao nyumbani na kuwaangalia watoto. Aliona kwamba mtoto hutambaa kwenda kuchungulia dunia kwa sababu anajua pa kurudi, kwa mama. Mvulana wetu alikuwa na miguu mizima na magoti mazima, lakini hatambai. Aende wapi, na arudi kwa nani?

Simlaumu mama yake. Mwajiriwa ana siku 84 za likizo ya uzazi. Muuza samaki hana hata moja. Wala simwambii mwenye kituo aajiri walezi 10 kwa ada ya shilingi 2,000 kwa siku. Ninachosema hakigharimu kitu. Zamani kituoni kwetu tuligawana kazi: mmoja analisha, mmoja anaogesha, mmoja anabadilisha nepi, mmoja yuko getini. Mtoto mmoja alipita mikononi mwa watu wanne kabla ya adhuhuri, kama mzigo bandarini. Sasa tumegawana watoto. Tuko walezi wanne, watoto 24, kila mmoja ana sita wake, ndiye anayewalisha, kuwaogesha na kuwalaza. Mgongo unauma vilevile.

Naomba maafisa ustawi wa jamii wanaokagua vituo waliingize hilo kwenye daftari lao. Aliyekuja kwetu mara ya mwisho alihesabu vyoo, akatikisa uzio, akaandika ndoo za maji, akaondoka. Siku nyingine amnyooshee kidole mtoto yeyote na kuuliza, "Mlezi wake ni nani?" Wakianza kutazamana, aandike.

Mzee wa Busara alianza kutambaa wiki ya tano, akinifuata hadi jikoni. Wiki ya saba mama yake alipokuja kumchukua alinishika gauni, akalia mpaka majirani wakachungulia. Mama alinuna, na nilimwelewa. Juzi alfajiri kamlilia yeye alipokuwa anaondoka, akarudi kutoka getini kumbeba tena, na daladala la Feri likamwacha.

Mlezi wa watoto,
Mbagala, Dar es Salaam