Tiketi Imeandikwa Istanbul, Lakini Istanbul Ipi?

Januari mzee mmoja wa Nkuhungu aliingia kwenye ofisi yetu ya tiketi za ndege hapa Uhindini, Dodoma, karatasi ameikunja mara nne mfukoni mwa shati. Binti yake amepata nafasi ya kusoma Ujerumani, viza imetoka, na baba mdogo wa huyo binti aliyeko Dar alikuwa ameshamkatia tiketi kwa simu. Kwetu alikuja na shida nyingine kabisa. Alitaka kujua kama ndani ya kilo alizoruhusiwa unaingia unga wa ulezi na karanga za kukaanga.

“Shikamoo baba.”

“Marahaba mwanangu. Hebu niangalizie hii.”

Nikaikunjua juu ya meza. Safari ya kwanza: DAR kwenda IST, kutua 11:20. Safari ya pili: SAW kwenda CGN, yaani Cologne, kuondoka 15:50. Nikachukua kalamu nyekundu, nikazungushia IST, nikazungushia na SAW.

“Si Istanbul zote hizo?” akauliza.

“Ni Istanbul zote, baba. Ila ni viwanja viwili, na kati yake kuna bahari.”

Mzee alikaa kimya, akaivuta karatasi kwake akaisoma upya, herufi moja moja. Ninaandika haya kwa ajili ya kimya kile, kwa sababu wateja wa namna yake tunawapata kila baada ya wiki chache, na wengi wanatufikia tiketi ikiwa imeshalipiwa.

Jambo lenyewe ni hili. Miji mikubwa ina viwanja vya ndege viwili, vitatu, London ina zaidi ya vinne. Mitandao inayouza tiketi huandika jina la mji kwa herufi kubwa na jina la uwanja kwa herufi ndogo, na macho ya mnunuzi huenda kwenye bei. Ukiona Istanbul hapa na Istanbul pale unajua umeunganisha. Kumbe uwanja wa IST uko upande wa Ulaya, kaskazini ya mji, na Sabiha Gökçen, ambao ndio SAW, uko upande wa Asia. Kwa barabara ni takriban kilomita 80, unavuka daraja la Bosporus. Kwa mtu wa Dodoma, ni karibu sawa na kutoka hapa mjini hadi sokoni Kibaigwa, lakini kwa foleni ya jiji la watu zaidi ya milioni 15.

Tulihesabu na mzee palepale. Ndege inatua 11:20, ambayo kwetu ni saa tano na dakika 20 asubuhi. Uturuki wanatumia saa zilezile zetu, kwa hiyo hakuna cha kuongeza wala kupunguza. Kutoka kwenye ndege na kutembea hadi uhamiaji, uwanja ule ni mkubwa mno, chukua nusu saa. Foleni ya uhamiaji, saa nzima ukiwa na bahati ya kawaida. Begi, nusu saa nyingine. Hapo ni saa saba na dakika 20. Kutafuta basi na safari yenyewe, saa mbili bila kujidanganya. Unashuka Sabiha saa tisa na dakika 20, na ndege inaondoka saa kumi kasoro dakika kumi. Kaunta ya kupokea mabegi imeshafungwa.

Na hiyo ni hesabu ya mtu aliyeruhusiwa kutoka nje ya uwanja. Binti hakuwa na kibali cha kuingia Uturuki. Hakuna aliyekuwa amekifikiria, kwa sababu kila mtu aliona anakwenda Ujerumani.

Hapa ndipo ninapoomba msomaji asome polepole. Ukibadilisha ndege ndani ya uwanja mmoja, mara nyingi unabaki eneo la abiria wanaopita, hugongewi muhuri. Ukibadilisha uwanja, umeingia nchi ya watu. Unapita uhamiaji kama mgeni mwingine yeyote, na kama nchi hiyo inamtaka Mtanzania awe na viza, lazima uwe nayo, hata kama shida yako ni kupanda basi tu. Wala usitarajie tatizo hilo likukute Istanbul. Litakukuta Dar, kwenye kaunta ya Terminali 3, usiku, familia yote imekusindikiza. Shirika linalombeba mtu asiye na hati kamili hutozwa faini na hulazimika kumrudisha, kwa hiyo wafanyakazi wa kaunta hukagua kwenye mfumo kabla hawajakupa pasi ya kupandia ndege. Na kama tiketi zako ni mbili tofauti, kwa shirika la kwanza wewe ni msafiri wa Istanbul, basi. Habari za Cologne haziwahusu.

Tiketi mbili ndiyo sehemu ya pili ya maumivu. Tiketi moja yenye namba moja ya bukingi ni mkataba mmoja: ndege ya kwanza ikichelewa ukaachwa na ya pili, wao ndio wanaokutafutia nyingine. Tiketi mbili zilizonunuliwa mbalimbali ni mikataba miwili isiyojuana. Ndege ya kwanza ikichelewa kwa ukungu, shirika la pili linaandika kwamba hukutokea. Kutotokea maana yake fedha imekwenda, na ikiwa tiketi hiyo ilikuwa ya kwenda na kurudi, mara nyingi na ile ya kurudi nayo inafutwa. Watu wengi hawajui hili la kurudi. Wanahangaika kununua tiketi mpya ya kwenda, wanafika, siku ya kurudi wanakuta jina halipo.

Na begi. Viwanja vikiwa viwili, begi lako karibu kila mara linaishia uwanja wa kwanza. Utalichukua kwenye mkanda, utalikokota hadi kwenye basi, utalikabidhi upya uwanja wa pili, na huko watalipima upya kwa kanuni zao. Shirika la kwanza linaweza kukuruhusu kilo 30, la pili likaruhusu 20 au lisiruhusu begi lolote ambalo hukulilipia. Unga wa ulezi wa mzee ungeishia hapo.

Nisije nikaonekana ninawasema wanaojikatia tiketi kwa simu. Sisi wenyewe tuliwahi kumkosesha mteja safari. Ilikuwa mwaka wetu wa kwanza wa kazi, dada mmoja aliyekuwa anakwenda kwenye harusi ya ndugu yake, anapitia London. Tulimwekea kutua Heathrow na kuondokea Gatwick, saa sita katikati, tukaona nafasi ipo tele. Kutoka Heathrow hadi Gatwick ni kama kilomita 65 hadi 70, sawasawa na kwenda Chamwino Ikulu na kurudi, na mabasi ya moja kwa moja yapo. Muda ulitosha. Viza ndiyo hatukuiangalia. Uingereza inamtaka Mtanzania awe na viza ya kupita hata kama hatoki nje ya uwanja, isipokuwa wachache wenye misamaha, kwa mfano wenye viza halali za nchi kama Marekani au Kanada. Anayetoka nje kuhamia uwanja mwingine anahitaji viza ya mgeni anayepita, ambayo inampa hadi saa 48. Dada yule alirudishwa kaunta ya Dar. Alinipigia saa nane usiku akilia, na harusi ilipita. Fedha tulimrudishia. Harusi hatukuwa na namna ya kuirudisha. Tangu siku ile hakuna tiketi inayotoka kwenye printa yetu kabla haijasomwa na mtu wa pili, na huyo mtu wa pili anaanza na herufi tatu tatu za viwanja, bei anaiangalia mwisho.

Kwa wateja wetu wa Dodoma miji inayojirudia ni michache, na Istanbul inaongoza, hasa kwa wanafunzi na wafanyabiashara wa nguo. New York ina JFK, LaGuardia ambayo ni LGA, na Newark ambayo ni EWR na kwa kweli iko jimbo jingine, New Jersey. Na Marekani haina habari ya abiria kupita bila kupita uhamiaji, hata ukibaki uwanja uleule unahitaji viza. Paris ina CDG kaskazini na Orly kusini. Dubai ina DXB na DWC, na hata ndani ya DXB yenyewe Terminali 2 iko ng'ambo ya njia za kurukia ndege, siyo mahali pa kutembea kwa miguu.

Mumbai nataka niiseme peke yake, kwa sababu huko tunapeleka wagonjwa. Oktoba 2025 ulizinduliwa uwanja wa pili, Navi Mumbai, herufi zake NMI, mbali na ule wa zamani ambao ni BOM. Mgonjwa anayetua BOM na kuunganisha kwenda Chennai au Hyderabad asipangiwe kuondokea NMI kwa sababu ya nafuu ndogo ya bei. Hata akiondokea BOM hiyohiyo, India unapita uhamiaji na kuchukua mizigo kwenye uwanja wa kwanza kabla ya kupanda ndege ya ndani. Kwa mtu aliyetoka kufanyiwa vipimo, anayesukumwa kwenye kiti cha magurudumu, kila jengo la ziada ni mateso. Sisi kwa mgonjwa hatuuzi safari ya viwanja viwili. Tunakataa, hata akisisitiza ndugu anayelipa.

Mji ambao kuhama uwanja kunawezekana vizuri kwa Mtanzania ni Nairobi. Unatua Jomo Kenyatta, unaondokea Wilson ulioko barabara ya Lang'ata, viza haihitajiki kwa raia wa Afrika Mashariki, na umbali ni wa teksi moja. Acha saa nne, foleni ya Nairobi unaijua.

Nyumbani nako kuna kuhama kwake. Ndege ya kutoka Dodoma inakushusha Dar Terminali 2, na safari za nje zinaondokea Terminali 3 iliyofunguliwa 2019. Ni uwanja mmoja, lakini unatoka nje kabisa na kuingia upya. Wanaoshuka na treni ya SGR kutoka Dodoma wana hesabu nyingine: stesheni kuu ya Dar iko mjini, na barabara ya Nyerere saa kumi na moja jioni haina huruma. Treni ya kawaida husimama Pugu, ambako ni karibu zaidi na uwanja, na tunaowapokea huko tunawapangia usafiri kabla hawajapanda treni.

Kuna kosa jingine dogo linaloumiza sawasawa na haya, nalo ni saa. Tiketi ikisema 04:55 Jumatano, ni alfajiri ya kuamkia Jumatano, saa kumi na moja kasoro dakika tano. Siyo saa nne. Ikisema 00:30 tarehe 12, uwanjani unatakiwa jioni ya tarehe 11. Tumeona mtu anafika Dar siku moja baada ya ndege yake, amepiga pasi suti. Kwa hiyo kwenye kila tiketi yetu tunaandika saa za Kiswahili kwa mkono, pembeni, pamoja na siku ya kutoka nyumbani.

Yule binti wa Nkuhungu tiketi yake ya pili haikurudishiwa fedha, ilikuwa ya bei ya chini isiyobadilishwa. Baba yake mdogo alilalamika kidogo kwenye simu, halafu akatuma nyongeza. Tulimtafutia safari yenye namba moja ya bukingi, IST kwa IST, begi linakabidhiwa Dar na kupokelewa Cologne. Alifika. Picha aliyomtumia baba yake, na mzee akaja kutuonyesha, haikuwa ya uwanja wala ya theluji. Ilikuwa ya mfuko wa ulezi juu ya meza ya jikoni, umefungwa vilevile kwa kamba aliyoifunga mama yake.

Kama una tiketi umekata mwenyewe au umekatiwa na ndugu, ilete tuisome, au tutumie picha. Kusoma hatutozi, hata kama hukununua kwetu. Lete na pasipoti, maana swali la viza linajibiwa kwa pasipoti uliyonayo na viza zilizomo, na kanuni tunazikagua siku hiyohiyo kwa sababu zinabadilika. Ukituma picha, piga ukurasa mzima bila kukata pembeni. Herufi tatu tunazozitafuta mara nyingi ziko hukohuko pembeni.