Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Udongo Ulio Chini ya Nyumba Zetu

Ndugu wanachama,

Tangu tetemeko la Septemba 10, 2016, lililokuwa na ukubwa wa 5.9, likaua watu zaidi ya 15 mkoani Kagera na kusababisha shule za sekondari za Ihungo na Nyakato kufungwa, mazungumzo yetu ya ujenzi hapa Bukoba yamekuwa ya nondo, saruji na unene wa kuta. Mwaka huu kamati yenu iliona ni lazima tuanzie chini zaidi, kwenye udongo wenyewe.

Mji wetu haukukaa juu ya ardhi ya namna moja. Miinukoni mwamba uko karibu, lakini bondeni kando ya mto Kanoni na ufukweni mwa ziwa ardhi ni laini na yenye maji. Mawimbi ya tetemeko yakitoka mwambani na kuingia katika udongo wa aina hiyo, mwendo wake hupungua na mtikiso wake hukua. Ndivyo ilivyokuwa Mexico City mwaka 1985: kitovu kilikuwa pwani ya Pasifiki, zaidi ya kilomita 300 kutoka mjini, na bado maghorofa yaliyosimama juu ya tope la ziwa la kale yaliporomoka, ilhali mitaa ya kwenye mwamba ilipata madhara madogo.

Upimaji hauhitaji kuchimba. Nyundo kubwa hupigwa juu ya bamba la chuma, jiofoni zilizopangwa kwa mstari hunasa mtikisiko, kisha kompyuta hukokotoa kasi ya mawimbi yanayoutikisa udongo kwa upande. Wastani wa kasi hiyo katika mita 30 za juu ukiwa chini ya mita 180 kwa sekunde, udongo huhesabiwa kuwa laini. Ukizidi 760, ni mwamba. Chukueni mfano wa tabaka la mita 20 lenye kasi ya 160: hutikisika kwa mizunguko ya nusu sekunde, ambayo kwa makadirio ya kawaida ndiyo ya jengo la ghorofa tano. Wanaotaka kupandisha maghorofa bondeni na watafakari hilo.

Mwezi Julai tulifanya jaribio la siku moja katika kiwanja cha mwanachama mwenzetu. Vipimo vya mchana viliharibiwa na malori, tukarudia alfajiri. Mstari mmoja hautoshi kuchora ramani, nami namwomba kila mmoja asiutumie kupandisha wala kushusha bei ya kiwanja chake.

Baadhi yenu mmelalamika kwamba fedha za kukarabati ukumbi zilitumika kukodi vifaa. Lawama hiyo naipokea, ingawa uamuzi wenyewe siujutii.

Kamati inapendekeza kwamba mwakani tupime kwanza mitaa ya bondeni, na matokeo yakabidhiwe manispaa ili yaangaliwe kabla ya vibali vya ujenzi kutolewa. Mchango wa kila mwanachama kwa kazi hiyo utapigiwa kura katika mkutano huu, mara baada ya taarifa ya mweka hazina.