Kadi Mbili Ambazo Sasa ni Zenu: Barua ya Wazi kwa Wanafunzi wa Vyuo

Wajukuu zangu,

Nawasalimu. Nilikuwa muuguzi wa zahanati za vyuo mpaka nilipostaafu, na swali lililowanyamazisha vijana wengi kuliko yote ni hili: "Mara ya mwisho ulichanjwa lini?" Kijana hutazama dari, halafu husema, "Labda mama anajua." Ni kweli, mama ndiye aliyetunza kadi ya kliniki na kuhesabu tarehe. Bima nayo mzazi ndiye aliyejaza fomu na kuilipia, kazi yenu ilikuwa kuonyesha kadi. Mmeondoka nyumbani, na kazi yote hiyo imewaangukia ninyi bila mtu kuwatangazia.

Ninachotaka mnisikie ni kwamba chanjo na bima hazimsubiri aliyechelewa. Kinga haiingii mwilini siku ile ile ya sindano. Kwa chanjo nyingi mwili huhitaji kama wiki mbili kuijenga, na nyingine ni safari ndefu zaidi: homa ya ini B kwa kawaida ni dozi tatu ndani ya miezi sita hivi. Anayesomea uuguzi au maabara akikumbuka chanjo hiyo wiki ya kuingia wodini, atashika sindano zenye damu za wagonjwa akiwa hana kinga kamili. Ulianza ukakatiza? Rudi bila aibu. Utaendelea ulipoishia, huanzi upya.

Surua wengi wenu mnaiita ugonjwa wa watoto. Virusi vyake vinaweza kubaki hewani hadi saa 2 baada ya mgonjwa kutoka chumbani, kwa hiyo darasa linaloingia ukumbini baada ya lenu linavuta hewa mliyoiacha. Dozi mbili hukinga takriban watu 97 kati ya 100, na wapo wengi waliopata moja utotoni wakaishia hapo. Kama kadi imepotea, mweleze muuguzi. Kurudia chanjo hiyo hakumdhuru aliyekwisha kuipata, ila mjamzito au mwenye kinga dhaifu aseme kwanza kabla ya kuchomwa. Ulizieni pia nyongeza ya pepopunda, na chanjo ya virusi vinavyoleta saratani ya shingo ya kizazi. Hii ya mwisho hata wavulana inawahusu, maana virusi hivyo huwapata na kuwadhuru nao pia.

Lakini unaoninyima usingizi mpaka leo ni homa ya uti wa mgongo. Bakteria wake hukaa kooni na puani, hata kwa mtu asiyeumwa chochote, na hupita kwa mate na kwa watu kukaa karibu karibu. Ndiyo maana bweni la mwaka wa kwanza, lenye vijana wanaolala chumba kimoja na kunywa chupa moja, ni mahali pa hatari. Niliwahi kuletewa kijana ambaye wenzake walidhani amechoka tu na mitihani. Alikuwa na homa, kichwa kinamuuma, mwanga unamchoma macho. Walimfunika shuka wakamwacha alale hadi asubuhi. Alipona, lakini sikio moja halikusikia tena. Sikuwalaumu wenzake, kwani nani alikuwa amewaambia? Basi mimi nawaambia ninyi: ugonjwa huo unaweza kuua ndani ya saa 24. Shingo ikikakamaa, au yakitokea madoa mekundu au ya zambarau yasiyofifia ukiyabonyeza kwa glasi, msingoje kupambazuke. Mwamsheni mlezi wa bweni, tafuteni gari. Na chanjo yake ipo, iulizieni kabla ya kuhamia bwenini.

Sasa bima. Kijana mwingine alisimama dirishani kwangu akiwa amekunja mkono uliovunjika, kadi mkononi, akaambiwa haifanyi kazi. Alikuwa amepita umri wa kuhesabiwa tegemezi wa mzazi, na hakuna nyumbani aliyekuwa ameigundua tarehe hiyo. Alikaa akilia, na nadhani aibu ilimuuma kuliko mfupa. Ukomo wa umri huo hutofautiana, kwa hiyo ulizeni wa kwenu ni upi, na kama kuwa masomoni kunauongeza. Mkikata bima mpya, ulizeni kipindi cha kusubiri: zipo zinazokaa wiki au miezi kabla ya kuanza kulipia baadhi ya matibabu. Ulizeni ni hospitali zipi zinazopokea kadi hiyo karibu na chuo, maana iliyofaa nyumbani huenda isitambulike huku. Ulizeni kama inalipia chanjo. Na kama ada ya chuo ina bima ndani yake, someni inafikia wapi. Nyingine hukoma likizo inapoanza.

Viongozi wa wanafunzi, ninyi nina ombi nanyi. Wiki ya kuwapokea wageni, wekeni meza karibu na pa kujiandikishia, muuguzi akae hapo na mtu wa bima akae hapo. Wapo wanaoogopa sindano na hawatasema, msiwacheke, wasindikizeni. Na kila mmoja apige picha kadi zake zote mbili leo, aandike kwenye simu tarehe ya dozi inayofuata na siku bima inapokwisha.

Bibi yenu,
Muuguzi mstaafu